Kuku Hawafungi Ramadhani

Wewe unayesoma, uliliona. Usiniambie hukuliona. Lilikuwa juu ya rafu ya duka, baina ya sabuni na majani ya chai, limefura juu na chini kama limemeza kopo jingine. Ukalitazama, kisha ukatazama dari. Nakujua. Nimekuwa nikikuona ukitazama dari tangu mwaka 1987.

Nami nitasema langu mapema, usije ukalikuta katikati ukadhani umenishika. Makopo yale niliyatoa bandarini mimi, Mwinyihaji, kwa mabega haya. Yalikuwa ya samaki, yamekaa Kipevu ndani ya kontena miezi mitano ya jua kali. Mkaguzi wa afya akaja na ndoo ya rangi nyekundu, akapiga msalaba kila katoni, akaandika yakachomwe shimoni. Genge letu la makuli tukapakia lori. Nilikaa juu ya mzigo. Kufika njia panda, shimo liko kushoto, lori likakata kulia kuelekea Magongo, kwenye ghala la mfanyabiashara Khatibu. Mimi nilifanya nini? Nilitazama nguzo ya taa. Nakumbuka hata kunguru aliyekuwa juu yake.

Khatibu alikuwa mtu wa heri. Kila mwisho wa Shaaban aliwagawia watu wa mtaa wetu wa Chaani sadaka ya Ramadhani. Mwaka ule akawaweka vijana watatu kufuta misalaba kwa mafuta ya taa, akatoa makopo. Yalikuwa yameanza kufura, naye, nasikia, alichelea watu wasije wakalalamika. Walalamike wapi! Watu waliyapigania. Kopo lililofura lilionekana limejaa. Kopo lililolala lilionekana la kunyimwa. Mtu akipewa lililolala alikuwa akiuliza, "Kwani mimi nimemkosea nini Bwana Khatibu?" Basi ikabidi yagawiwe kwa heshima: makapera wakapewa yaliyo bapa, wenye watoto yaliyotuna kidogo, mahaji yaliyotuna sana. Na lile kubwa kuliko yote, lililokuwa halikai mezani kwa uvimbe, likiwekwa linayumba kama mtoto anayejifunza kusimama, nililichagua mimi kwa mkono wangu nikampa Mbwana.

Mbwana ndiye aliyekuwa akiendesha winchi katika genge letu, na ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti wetu. Pumzi ya yule mtu! Hatukuwa na kipaza sauti, wala hatukukitaka. Akianza kuadhini Chaani, wenye kazi kule Kipevu walikuwa wakimsikia, wakashusha makasha chini wakaswali.

Siku ya vunjajungu, karamu ya mwisho kabla ya kufunga, kila nyumba ilipika. Nyumba nyingi ziliyatia makopo yale katika mchuzi wa nazi, yakachemka hasa, watu wakala wakalamba vidole, na hawakupata lolote. Hili liweke kichwani, utalihitaji. Kwa Mbwana mambo yalikuwa mengine. Mkewe, Mwanatumu, mzaliwa wa Mji wa Kale, alilitazama lile kopo akasema, "Mimi sili samaki asojua kitwa chake kiko wapi," akaenda zake kwa dadake Kisauni. Mbwana akabaki na muhogo wake wa kuchemsha. Akalitoboa kopo kwa kisu. Nilikuwepo. Lilitoa upepo, fyuu, na tone la mafuta likamrukia shavuni.

"Limepiga chafya," akasema. Kisha akaliambia, "Yarhamukallah."

Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Akakamulia ndimu, akatia pilipili, akala nusu, baridi vilevile. Mimi nilikataa, nikasema nimeshiba. Nusu iliyobaki akaimwaga nyuma ya nyumba, kuku wa jirani yake Nyamvula wakaifanyia sherehe.

Kesho yake jioni tukapanda kilima kutazama mwezi. Wingu lilikuwa zito, masika ya mwaka ule hayakuwa na adabu. Wazee wamekunja macho, hawaoni kitu. Ghafla Mbwana akanyoosha kidole juu ya mabomba ya mtambo wa umeme.

"Ule!"

"Uko wapi?"

"Ule pale. Na ule mwengine."

Maalim Mohdhar, aliyekuwa akitusomeshea watoto, akamsogelea. "Mbwana, umeona mwezi?"

"Nimeona miezi miwili, maalim. Mmoja umelala ubavuni mwa mwenzake."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Hapo ndipo ungekuja uone. Mbwana hajawahi kusema uongo maishani mwake, na amekula kiapo. Mmoja akauliza, ikiwa miezi ni miwili, je, tutafunga mara mbili? Mwingine akasema labda mmoja ni wa Kenya na mmoja wa Tanzania. Mwingine akataka kujua Idi zitakuwa ngapi na nguo za watoto zitanunuliwa mara ngapi. Maalim akafunga macho, akawaza, akatoa hukumu: ushahidi wa mwadilifu mmoja watosha kuingia Ramadhani; mwezi wa kwanza tumeukubali; wa pili ni ziada, na thawabu yake iko kwa Mola. Tukatawanyika tumeridhika. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama Mbwana machoni na kumwuliza, "Ndugu yangu, na mimi unaniona wangapi?"

Asubuhi ya kwanza ya Ramadhani alikuja kazini. Kope zake zilikuwa zimeshuka nusu, na sauti inatokea puani. Kwa winchi yake aliinua gunia moja la kahawa akaliweka juu ya gunia ambalo halikuwepo. Msimamizi wetu, Justus, mtu wa bara aliyekuja na suti moja na kalamu nne, akamwita.

"Wewe Mbwana, umelewa."

"Mkubwa, huyu ni muadhini," nikasema.

"Muadhini si mtu? Hebu pumua hapa." Akamnusa. Akamnusa tena, amefumba macho. "Hakuna harufu. Hawa watu wa pwani sasa wamejua kulewa bila harufu!"

Akamwandikia barua ya onyo kwa ulevi wa kiwango cha hali ya juu, tarehe mosi Ramadhani. Barua ninayo. Karatasi zote ninazo.

Nikamrudisha nyumbani, nikamkalisha barazani. Na hapa, msomaji, ndipo aibu yetu ilipo. Mtu yule kinywa kilikuwa kimekauka hata ulimi unagota kama kibao. Macho hayafunguki. Shingo imelegea, kidevu kifuani. Mate machache aliyobaki nayo hayamezi, yanamtoka pembeni ya mdomo. Hana homa, hana maumivu, akili timamu, lakini mwili unamwondoka kuanzia juu kwenda chini. Sisi tuliona nini? Tuliona saumu! Kila mtu Chaani alikuwa na kinywa kikavu. Kila mtu alikuwa na macho mazito na hana nguvu. Yeye alikuwa ametushinda tu. Watu wakaanza kusimama njiani.

"Tazama saumu ile."

"Hata mate hamezi, subhanallah!"

"Na jana aliona miezi miwili. Huyu si mwenzetu tena."

Kufika adhuhuri akina mama walikuwa wanaleta watoto wakae karibu naye wapate baraka. Mmoja aliweka chupa ya maji miguuni pake iingie dua. Mbwana akawa anajaribu kusema neno. Alilikazania, mishipa imemtoka, na kilichotoka ni "mmmnn." Watu wakaitikia, "Amin!"

Mwanatumu ndiye aliyerudi kutoka Kisauni akatupasua wote kwa kiwiko.

"Hebu ondokani! Nini nyinyi?" Akamwinua kidevu mumewe. "Huyu ni mume wangu, nimjua. Akifunga huwa mkali kama siafu. Tangu nimeingia hajanitukana hata mara moja. Huyu ana ndwele."

"Mama, hiyo ndiyo saumu ya kweli," Maalim Mohdhar akasema. "Imemtoa hasira."

"Maalim, nakuheshimu. Shika mguu ule, mimi nashika huu."

Tukambeba mpaka zahanati, na umati nyuma unasoma kaswida. Daktari alimwangalia toka mlangoni, akasogea akamshika mkono kuona homa, hakuna, akaandika kwenye kadi maneno mawili, "Saumu. Ale," akaenda zake. Kadi ninayo.

Akabaki muuguzi, Margret, mwanamke mfupi kutoka bara, viatu vya raba, asiyecheka na mtu. Alimtazama Mbwana muda mrefu kuliko ambavyo mtu yeyote alikuwa amemtazama tangu juzi. Akamwinua kope kwa kidole gumba, akamulika tochi. Mboni zilikuwa pana, hazikujali mwanga.

"Unasikia nikiongea?"

Mbwana akainua kidole.

"Mimi niko wangapi hapa?"

Akainua viwili.

"Haya. Vuta pumzi moja, uhesabu mpaka iishe. Kwa vidole kama mdomo hautaki."

Alifika kumi na moja. Kumi na moja! Mtu aliyekuwa akishusha makasha Kipevu kwa sauti. Margret akachukua kikombe cha maji.

"Anywe hii."

Zahanati ikalipuka. Anamfungulisha! Mchana! Siku ya kwanza! Watu wakapanda madirishani. Margret hakugeuka. Akamtia kijiko kimoja mdomoni. Maji yakazunguka, yakatokea puani. Umati ukamgeukia Maalim.

Maalim akajikohoza. "Maji yaliyoingia mdomoni yakatoka puani hayakufika tumboni. Saumu yake ni sahihi."

"Takbir!" mtu akapiga kelele dirishani.

"Nyinyi watu," Margret akasema polepole, "huyu mtu anakufa."

"Saumu haiui, sista," Khatibu akajibu. Naam, alikuwa amefika, kanzu nyeupe, na nje pikapu yake imejaa makopo ya awamu ya pili ya sadaka.

Ndipo Nyamvula alipoingia. Mama wa Kirabai, jirani ya Mbwana ukuta kwa ukuta, kikapu kichwani, hasira hadi kwenye kucha. Akakitua kikapu mezani bila salamu, na hapo ujue mambo yamefika pabaya. Ndani mlikuwa na kuku wanne, jogoo akiwamo. Walikuwa hai, macho yanapepesa, lakini shingo zao zilikuwa zimelala nje ya kikapu kama kamba zilizolowa. Ukiinua kichwa cha mmoja, kinaanguka.

"Mbwana!" akasema. "Tumekaa jirani miaka kumi na mitatu. Kuku wangu wamekukosea nini? Wafungue!"

"Mama, mgonjwa hawezi kusema," nikamwambia.

"Aliwezaje kuwaroga basi? Jogoo wangu tangu asubuhi hajawika. Amelala chali kama mlevi. Mfungue jogoo angalau!"

Margret akaiacha tochi. Akachukua kuku mmoja, akamwinua kope. Akamwinua Mbwana kope. Akarudi kwa kuku. Kichwa cha Mbwana kifuani, kichwa cha kuku ukingoni mwa kikapu, vimelala namna moja.

"Hii kuku ni ya dini gani?" akauliza.

Watu wakatazamana. "Kuku hana dini."

"Inafunga Ramadhani?"

Nyamvula akawatazama kuku wake.

"Nauliza. Maalim, kuku wanafunga?"

Maalim akameza mate, nadhani alisahau kuwa amefunga. "Kuku hawafungi Ramadhani," akasema.

"Basi hii si saumu. Hawa wamekula nini, kuku na huyu?"

Nilijua. Kabla hajamaliza kuuliza nilijua. Niliona msalaba mwekundu, nguzo ya taa, kunguru. Mwanatumu hakuwepo walipokula, Khatibu alikuwa anatazama dari, na chumba kizima ni mimi peke yangu niliyekuwa na jibu. Unajua ulimi unavyokuwa mzito bila hata ya sumu?

"Kopo," nikasema. "La samaki. Lililofura. Nilimpa mimi."

"Lilichemshwa?"

"Alikamulia ndimu."

Margret akatuambia, haraka, huku anatafuta viatu vya Mbwana. Alipokuwa mwanafunzi huko bara aliletewa familia nzima waliokuwa wamefunga kumbikumbi kwenye nailoni siku kadhaa wakala; walikuja wakiona kila kitu viwili viwili, kope zimeanguka, akili nzima, na wawili walikufa wakiwa wanasikia kila neno. Ugonjwa unaitwa botulizimu. Kijidudu kinakaa ndani ya kopo palipofungwa hewa, kinatoa sumu na gesi, gesi inafurisha kopo. Sumu inakata mishipa ya fahamu kuanzia macho, inashuka kooni, inashuka kifuani, na ikifika kwenye kupumua, basi. Homa haina. Moto mkali unaivunja sumu, ndiyo maana wenye mchuzi walipona, na hiyo ni bahati yao tu, si akili.

"Hospitali ya kisiwani, sasa," akasema. "Gari iko wapi?"

Gari ilikuwa moja. Watu wakamgeukia Khatibu.

"Mimi nimetoa sadaka," akasema. "Nani amesikia sadaka ikiua mtu? Mwulizeni maalim!"

Mwanatumu akamsogelea. Hakupandisha sauti. "Bwana Khatibu, nipa funguo. Au fungua kopo moja hapa, ule, tukuone."

Khatibu akatoa funguo.

Hivyo ndivyo Mbwana alivyovuka Makupa kuingia kisiwani: amelazwa nyuma ya pikapu katikati ya makopo ya sadaka, kila tukipiga kona yanambingirikia ubavuni, Mwanatumu mbele na dereva, Margret kichwani, mimi miguuni, Nyamvula na kikapu chake kwa kuwa alikataa kuwaacha kuku wake kabla hawajafunguliwa. Kwenye daraja Margret akamwambia ahesabu. Sita. Kwenye mzunguko wa barabara, nne. Langoni mwa hospitali askari akataka kujua mgonjwa ni yupi, mtu au kuku. Mbwana akainua vidole viwili. Nikadhani anamjibu askari. Alikuwa anahesabu, na pale ndipo pumzi ilipoishia.

Mashine ya kupumulia ilikuwa moja, na ina mtu. Dawa ya sumu ile haikuwepo. Waliandika barua iletwe. Wakamtia bomba kooni, baadaye wakamtoboa shingo, wakaunganisha mfuko wa mpira. Ukiukamua, Mbwana anavuta pumzi. Ukiuachia, anaitoa. Ukisinzia, amekufa. Daktari akauliza, "Nani ataukamua?"

Sisi ni makuli. Kazi ya shifti tunaijua. Justus alikuja siku ya tatu kulalamika genge limekimbia kazi, akasimama kando ya kitanda, akatazama mkono wangu unavyokamua na kuachia, akatazama kope zile zilizolala. Akavua koti. Akatoa kalamu, akapanga zamu: watu wanne, saa sita sita, na yeye mwenyewe wa tano, wa akiba. Barua ya onyo hakuifuta. Alisema utaratibu hauruhusu.

Siku ishirini na tisa tulikuwa mapafu ya mtu yule. Nilikamua huku nimefunga, nikakamua huku nikimwomba radhi kila pumzi, kwa sababu alikuwa anasikia, Margret alishatuambia anasikia. Kuku watatu walikufa. Jogoo alipona, na Nyamvula alikuwa anakuja kumwambia Mbwana habari zake.

Jioni ya mwisho wa Ramadhani, zamu yangu, kifua kikaanza kubishana na mkono wangu. Nikaachia. Kikavuta chenyewe. Kope moja ikapanda. Dirisha lilikuwa wazi na mwezi umeshaonekana, mwembamba, juu ya mabati. Nikamwonyesha.

"Mingapi, ndugu yangu?"

Alichelewa. Kidole kikainuka kimoja.

Mbwana yuko hai. Ila adhana haikurudi. Sauti yake leo haivuki kizingiti. Khatibu hakuitwa na mtu yeyote kuhojiwa. Niliwaandikia wakubwa wa afya barua kumi na nne, nakala ninazo, nikajibiwa moja, kunishukuru kwa kuitunza afya ya jamii. Mwaka uliofuata Khatibu alinunua pikapu mpya na kugawa mchele.

Leo ni Januari 1995, Ramadhani iko mlangoni, na juzi nimeliona lori limetoka Kipevu, limefika njia panda, limekata kulia. Misalaba bado mibichi.

Kwa hiyo inuka. Si baada ya kumaliza chai. Nenda kwenye rafu yako, kopo lililofura usilionje, usilinuse, usilitoboe kuona, usimpe kuku. Litie ndani ya mfuko. Jirani yako akiona viwiliviwili na kope zimemlalia, usimwombe dua akubariki; mhesabishe pumzi, mpakie, mpeleke, uwaambie neno botulizimu wasije wakamwandikia saumu. Kisha njoo Magongo na mfuko wako, kabla ya alasiri, kwenye geti la ghala. Vijana wako ndani wanafuta rangi. Harufu ya mafuta ya taa inafika hadi barabarani. Lori la kugawa limeshageuzwa uso kutazama barabara. Mbele yake tumekaa wawili, mimi na Mbwana, na Mbwana hana sauti. Tunataka yako. Toka sasa.